Trekta ya Viraka na Watoto wa Nchi ya Miwa

Miongoni mwa dasturi tulizorithi bila kuziuliza asili yake ni ile ya kumkemea mtoto anayevunja kichezeo chake, na kemeo hilo huwa kali maradufu akikutwa amevunja viwili kwa pamoja, ametawanya sehemu zake sakafuni, magurudumu ya hiki na boneti ya kile, na mkononi ameshika koleo la babake. Mzazi huiona hasara tu, wala hangoji kuona kitakachozaliwa. Nakusudia katika makala haya kumtetea mtoto huyo, na pamoja naye kuwatetea watu wazima, walioko kwetu na walioko ng'ambo, ambao kwa hiari yao, bila kuahidiwa ujira wowote, huchukua trekta mbili au tatu ndogo za kuchezea zilizotoka katika viwanda mbalimbali wakaziunga zikawa moja ambayo haikupata kuwako duniani. Nasema kwamba kazi hiyo ni elimu, tena elimu ambayo kaunti ya miwa kama Kakamega inaihitaji kuliko inavyodhani. Na nasema kwamba shule zetu, tangu zilipoanza kuwataka watoto walete vitu vilivyotengenezwa kwa mikono, zimekuwa zikiipima kazi hiyo kwa rangi na mng'aro wake, ilhali pa kuipimia ni pale viungo viwili vinapokutana.

Walio mbali na mambo haya yafaa waelezwe kwanza kwamba trekta ndogo ina historia yake. Kampuni ya Britains ya Uingereza, iliyopata sifa yake ya awali kwa askari wadogo wa madini ya risasi, ilitoa Fordson Major yake mwaka wa 1948. Na huko Marekani, katika jimbo la Iowa, Fred Ertl alikuwa amekwisha kuanza mwaka wa 1945 kuyeyusha aluminiamu kuukuu nyumbani kwake na kusubu trekta za kuchezea, hata kazi hiyo ikakua ikawa kiwanda, na kiwanda kikahamia mji mdogo wa Dyersville, ambao leo una jumba zima la makumbusho ya vichezeo vya shamba. Britains walishika kipimo cha 1:32, yaani kila sentimita moja ya kichezeo husimama mahali pa sentimita 32 za trekta yenyewe. Ertl wakajulikana zaidi kwa 1:16. Hebu tuchukue tairi la nyuma lenye kimo cha milimita 1,280: katika kipimo cha kwanza litakuwa milimita 40, na katika cha pili milimita 80. Basi mtu anayetaka kuchukua tairi la hii akalitia katika ile hukutana na hesabu kabla hajakutana na gundi, na asipoifanya hesabu hiyo, jicho la mtazamaji litamfanyia, maana hata asiyejua kusoma huona mara moja kwamba dereva amekuwa mkubwa kuliko usukani wake.

Mabingwa wa kazi hiyo hukekecha ribiti zinazoshika tumbo la trekta, hukata boneti kwa msumeno mwembamba, hutia kibanda cha dereva cha kiwanda hiki juu ya mwili wa kiwanda kile, hujaza pengo kwa lahamu na kulisawazisha kwa tupa na msasa, kisha hupaka rangi mpaka mshono usionekane. Wengine hukusudia kupata aina ambayo kiwanda cha vichezeo hakikuitengeneza, ijapokuwa trekta yenyewe ilikuwako. Wengine hubuni trekta ambayo haikuwako kabisa, ila wao waliona ingefaa iwepo. Kundi hili la pili ndilo linalonipendeza.

Kwetu mambo ni mengine, na hayana haja ya kuonewa haya. Trekta za Britains au Ertl ni nadra madukani mwetu. Akiwa nayo mtu, aghalabu ameletewa na jamaa aliye ng'ambo, nayo huwekwa juu ya kabati la vyombo ambako mikono ya watoto haifiki. Zilizoenea ni za plastiki zitokazo Uchina, zinazoning'inizwa katika mifuko myembamba kwenye vibanda vya Kakamega na Mumias, nyekundu, kijani na buluu, bila kipimo chochote kilichoandikwa, kwa sababu aliyezisubu hakukusudia kuiga trekta fulani bali alikusudia kitu chochote chenye matairi makubwa nyuma na madogo mbele. Kando ya hizo iko jamaa ya kale zaidi, nayo ni trekta ya kubuni: ya mabua ya mahindi, ya udongo wa mfinyanzi, ya waya na bati la mkebe wa mafuta ya kupikia, yenye magurudumu yaliyokatwa katika kandambili iliyokwisha na ekseli ya spoku ya baiskeli. Ile ya dukani ina umbo lakini haina nguvu, kwani ekseli zake ni nyembamba kama njiti na hukatika siku ya pili; ile ya waya ina nguvu lakini umbo lake ni la kukisia. Mtoto anayetaka vyote viwili hana budi kuzichanganya jamaa hizo mbili, na hapo ndipo anapoingia, bila ya kujua, katika udugu wa ufundi mmoja na mzee yeyote wa Iowa anayekekecha ribiti zake chini ya taa.

Niliiona trekta moja ya namna hiyo kandokando ya barabara iendayo Webuye, karibu na Malava, mahali ambapo trela za miwa hupunguza mwendo. Mbele ilikuwa na boneti nyekundu ya plastiki, ndefu kadiri ya kiganja. Nyuma ilikuwa na mwili wa manjano uliotolewa katika kijiko cha kuchimbia, mkubwa kuliko ule wa mbele karibu mara moja na nusu, pamoja na magurudumu yake mapana. Kati ya sehemu hizo mbili kijana mwenye trekta hiyo alikuwa amekunja bati mara mbili likawa kama mgongo wa kitabu, akalitoboa kwa msumari uliopashwa moto, akapitisha waya wa kufungia na kuukaza kwa koleo mpaka ukazama katika plastiki. Hakutumia gundi hata tone. Nyuma ya kiti palilala bomba la sindano ya hospitali, lisilo na sindano yenyewe, limeungwa kwa kipande cha mpira wa dripu na bomba jingine dogo lililofungwa chini ya boneti. Ndani yake mlikuwa na maji yaliyotiwa wino kidogo ili yaonekane. Alipolisukuma lile la mbele kwa kidole gumba, jembe la bati lililoko mkiani liliinuka polepole, likasimama hewani, na alipoondoa kidole likashuka kwa uzito wake.

Nilimwuliza kijana huyo kwa nini pua ya trekta yake imeinama kama ng'ombe anywaye maji. Akanijibu bila kusita, na bila kuacha kuizungusha mkononi: "Mzee, hizo tairi za nyuma si zake, ndiyo maana zimeinua mkia. Nimeweka vifuniko vya soda hapa kwa ekseli ya mbele lakini bado. Nikiongeza cha tatu itapinduka kwa kona."

Hebu wasomaji wayatafakari maneno hayo. Mtoto ambaye hajapata kufundishwa neno lolote juu ya kitovu cha uzito amekwisha kuona kwamba kila kimo kinachoongezwa hulipiwa mahali pengine, na amechagua kubaki na kasoro ya pua iliyoinama kuliko kununua hatari ya kupinduka. Na jambo alilolishika kwa vifuniko vya soda ndilo hilohilo linalowatia hasara wenye trekta kubwa zinazovuta kwa magurudumu yote manne. Katika trekta hizo gurudumu la mbele, kwa kuwa ni dogo, hulazimika kuzunguka mara nyingi zaidi kuliko la nyuma ili yote yaende sawa, na wingi huo umekwisha kukadiriwa ndani ya gia kiwandani. Mwenye trekta akibadilisha tairi za nyuma peke yake kwa sababu amepata kubwa kwa bei nafuu, mbele na nyuma huanza kushindana kila trekta inapopita juu ya lami, tairi huchakaa kabla ya wakati na gia huvunjika. Mtu anaweza kuzisoma habari hizi katika kitabu cha kiwanda, lakini kitabu hicho aghalabu hupotea mwaka ule ule trekta inaponunuliwa.

Kwa nini nasema kwamba kaunti yetu inauhitaji ujuzi huu? Kwa sababu tangu kiwanda cha Mumias kilipoanza kusaga miwa mwaka wa 1973, na baadaye vikafuata vya Kabras na Butali, maisha ya maelfu ya nyumba hapa yamefungwa nyuma ya trekta. Na trekta inayovuta trela za miwa katika njia za matope kati ya shamba na kiwanda haikai muda mrefu na sehemu zote ilizozaliwa nazo. Nendeni katika gereji yoyote iliyoko pembezoni mwa barabara ya miwa mkaitazame trekta inayotengenezwa: boneti imetoka katika trekta iliyokufa, radieta imechongewa mabano mapya, madigadi ni bati la pipa, na kiti ni cha matatu. Hiyo ni trekta ya viraka, nayo ndiyo iliyovuta miwa iliyotia sukari katika chai yetu ya leo asubuhi.

Wala asije mtu akadhani kwamba kuchanganya sehemu ni aibu ya maskini peke yao. Trekta ndogo ya kijivu ya Harry Ferguson, ile TE20 iliyotengenezwa Coventry kuanzia 1946 hata 1956 kwa idadi inayozidi laki tano, ilianza maisha yake na injini za kampuni ya Continental zilizotoka Marekani, kwa kuwa kampuni ya Standard iliyoiunda ilikuwa haijawa tayari na injini yake yenyewe. Massey Ferguson 135, iliyotoka mwishoni mwa 1964 na ambayo wazee wa nchi ya miwa huitaja bado kwa upendo, ilikuwa na injini ya Perkins ya silinda tatu. Na jamaa za trekta hizo zikatengenezwa kwa leseni Chennai, Lahore na Belgrade, kila nchi ikitia na kutoa kwa kadiri ya viwanda vyake. Ndiyo maana fundi wetu huweza kuchukua sehemu iliyotoka bara Hindi akaitia katika trekta iliyotoka Uingereza, nayo ikakaa. Na ndiyo maana pia mara nyingine haikai, kwa sababu ile kongwe ina nati za inchi na hii mpya ina za milimita, na nati ya inchi iliyolazimishwa juu ya bolti ya milimita hushika mizunguko miwili, ikamdanganya mkazaji, kisha ikachubua meno yote.

Kilichoifanya TE20 kuwa TE20 hakikuwa injini. Kilikuwa ile mikono mitatu ya nyuma, miwili chini na mmoja juu, ambayo Ferguson aliihangaikia katika miaka ya 1920, akailinda kwa hataza, na ambayo leo iko nyuma ya takriban kila trekta ya shamba duniani. Kabla yake jembe lilikokotwa kwa mnyororo au kwa kiungio kimoja, na likikwama katika kisiki, trekta ilinyanyua pua ikamwangukia dereva. Kwa mikono ile mitatu jembe na trekta vilikuwa mwili mmoja. Ule uzito wa udongo unaolivuta jembe ukageuzwa ukawa uzito unaoyakandamiza magurudumu ya nyuma chini, kwa hiyo trekta nyepesi ikaweza kulima mahali ambapo hapo awali palitaka trekta nzito. Fahari yote ya mtu huyo, na utajiri wake, na kesi yake maarufu na kampuni ya Ford, vilitokana na namna ya kuunga vitu viwili. Yule kijana wa Malava, kwa mabomba yake mawili ya sindano, alikuwa anaiga kitu hicho hasa.

Tukitaka kuona kiungo chema na kiungo kibaya, tunayo mifano miwili ambayo ilitengana kwa miaka kumi tu. Katika miaka ya 1950 mkulima mmoja wa Essex, Uingereza, George Pryor, alikuwa na udongo mzito wa mfinyanzi na hakupata trekta ya magurudumu yenye nguvu za kuushinda. Basi alichukua Fordson mbili, akaziondolea magurudumu ya mbele, akaitia moja nyuma ya nyingine, na kati yao akaweka egemeo lenye mikono ya haidroliki ili kitu kizima kijikunje katikati kinapokata kona. Magurudumu manne makubwa, injini mbili, dereva mmoja. Watu walicheka, kisha kampuni ya Ernest Doe ikaichukua fikra hiyo, na kuanzia 1958 ikaitengeneza na kuiuza kwa mamia kwa jina lililokuja kuwa Triple-D. Hata leo wajenzi wa trekta ndogo huko Uingereza hununua Fordson mbili za kuchezea ili wamwige Pryor, wakikata pale alipokata yeye.

Mfano wa pili ni wa hapa kwetu Afrika ya Mashariki. Serikali ya Uingereza ilipoazimia baada ya vita kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa katika Tanganyika, ili kulima karanga, haikupata trekta za kutosha. Ikanunua mashine kuukuu zilizoachwa na majeshi, mpaka za Ufilipino, na fauka ya hayo kampuni ya Vickers-Armstrongs ikazichukua sehemu za vifaru vya Sherman ikazigeuza kuwa trekta za kufyekea pori, zikaitwa Shervick, jina lenyewe likiwa limeungwa kama mashine. Nisieleweke vibaya: kifaru cha Sherman hakikuwa kitu cha kudharauliwa, na mojawapo ya aina zake ilikuwa na injini iliyoundwa na Chrysler kwa kuziunga injini tano za motokaa zikawa moja ya silinda 30, nayo ilifanya kazi vitani. Walakini pori la Kongwa, huko Tanganyika, lilikuwa na mizizi yake, na udongo wake ukikauka baada ya mvua huwa mgumu kama sakafu ya saruji, wakati hasa karanga zinapotaka kung'olewa. Mashine zikafa kwa wingi kuliko zilivyoweza kutengenezwa, mpango ulioanza 1947 ukaachwa 1951, na takriban pauni milioni 36 zikapotelea humo. Pryor alianza na udongo wake akaenda kutafuta chuma cha kuufaa. Wale walianza na chuma kilichokuwa kimejaa maghalani wakakitafutia udongo. Tofauti hiyo haionekani katika rangi wala katika ukubwa wa mtambo. Huonekana ukimwuliza mjenzi kwa nini aliunga hapa na si pale, ukamsikiliza.

Sasa nirudi shuleni, ambako ndiko lawama yangu iliko. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 uliahidi kazi za mikono, na kwa miaka kadhaa watoto walisuka, wakachonga, wakafinyanga, hata masomo hayo yakapunguzwa kwa kuwa vifaa havikuwako na mtihani ulikuwa ukitawala. Mtaala wa umilisi uliokuja baadaye umeirejesha ahadi hiyo, nami niliipokea kwa furaha. Lakini kila mzazi anajua kilichotokea. Mtoto anaambiwa Alhamisi alete kichezeo siku ya Ijumaa. Mama anarudi kutoka sokoni saa moja ya usiku. Baba anatumwa kwa fundi wa jirani, naye fundi, kwa shilingi mia mbili au tatu, anatengeneza gari la waya zuri lenye rangi mbili na taa. Asubuhi mtoto analibeba kwa uangalifu kama mali ya mtu mwingine, maana ndivyo lilivyo. Mwalimu analipa alama za juu, analipiga picha, na picha inapelekwa inakotakiwa. Yule mwenzake aliyekuja na trekta yenye pua iliyoinama na waya uliojitokeza huambiwa kwamba kazi yake si safi.

Simlaumu mwalimu mwenye darasa la watoto sitini, ambaye hawezi kukaa na kila mmoja akamhoji juu ya ekseli yake. Ninachokilaumu ni kipimo alichopewa, ambacho humtaka atazame umbo lililokamilika. Kazi iliyonunuliwa daima itakuwa safi kuliko ya mtoto, kwa hiyo kipimo cha usafi huwapa ushindi wenye fedha, na kwa insafu hatuwezi kukiita kipimo cha umilisi. Ama kazi ya kuunga sehemu za vitu viwili ina sifa moja ambayo hakuna fundi awezaye kumuuzia mtoto: mwenye kuifanya huweza kuieleza, na asiyeifanya hawezi. Mwulize mtoto gurudumu hili limetoka wapi, kwa nini hukutumia lile la mwanzo, na ni kitu gani kiliharibika ulipojaribu. Maswali matatu, dakika moja, na ukweli wote utakuwa umelala mezani.

Najua kwamba kuna watu watakaonipinga, na mmoja wao ana hoja nzito kuliko wengine wote. Yeye atasema: nchi hii imekwisha kujaa viraka, trela za miwa zimechomelewa juu ya machomeleo, vipini vya kufungia vimebadilishwa kwa vipande vya nondo, hazina taa wala breki, nazo hutengana na trekta zake milimani na kuwaua watu, je, tunataka kulea kizazi kingine kinachoamini kwamba kila kitu huungwa na chochote? Siwezi kuipuuza hoja hiyo, kwa kuwa sote tumekwisha kuziona trela hizo usiku, au kwa usahihi zaidi, hatukuziona mpaka tulipozikaribia. Lakini yule aliyetia nondo mahali pa kipini hakufanya hivyo kwa kuwa utotoni alichezea trekta za viraka mno. Yamkini hakupata kamwe mahali ambapo kiungo kibaya kingemkatikia bila ya kumdhuru mtu. Kichezeo ni mahali hapo. Waya ukikatika chini ya mzigo wa vipande vitatu vya muwa, msiba ni wa dakika tano na funzo lake ni la miaka. Nondo ikikatika chini ya tani kumi, hakuna wakati wa funzo. Na kama kuna fundi wa kuchomelea asiyetaka kuyakubali haya, aulizwe mwanafunzi wake wa kwanza alijifunzia juu ya nini.

Wapinzani wengine nitawajibu kwa ufupi. Wanaosema kwamba kukata trekta ya kiwanda ni kuiharibia thamani wanasema kweli kuhusu zile chache zilizoko juu ya kabati, na ziachwe huko. Wanaoogopa visu na misumari ya moto wana haki ya kuogopa, na dawa yake ni mtu mzima kuketi karibu.

Lipo jambo linaloweza kufanywa bila kungoja Nairobi. Katiba ya 2010 iliviweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa kaunti, na Kakamega ina chuo cha kilimo cha Bukura, ina Chuo Kikuu cha Masinde Muliro chenye wanafunzi wa uhandisi, na ina uwanja wake wa maonyesho ya kilimo, ambako trekta mpya husimamishwa kwa safu, zimeoshwa, na watoto wakipita hukatazwa kuzigusa. Mahali hapohapo, mbele ya trekta hizo, itiwe meza moja. Sheria ziwe hizi: trekta iwe imetokana na vitu viwili au zaidi, mjenzi aseme kwa kinywa chake kila sehemu ilitoka wapi na kwa nini iko pale, ivute kilo moja ya miwa juu ya murram iliyomwagwa katika sinia, kwenda na kurudi, bila kiungo kulegea, na ikiwa ina mikono ya nyuma, iinue kitu na kukishikilia huku msimamizi akihesabu hata kumi. Rangi isipewe alama hata moja. Wazazi wasimame nyuma ya kamba. Waamuzi wawe makanika wawili wa gereji za miwa na mwanafunzi mmoja wa uhandisi, na mwanafunzi huyo asiruhusiwe kunena kabla ya makanika kumaliza. Na zawadi isiwe kikombe. Iwe tupa, koleo na keekee ya mkono, pamoja na ruhusa ya kwenda Jumamosi moja kila mwezi katika karakana ya chuo kilicho karibu na kwao, ambako pana jiliwa na meza iliyoshikamana na sakafu, vitu viwili ambavyo yule kijana wa Malava, aliyekuwa akikaza waya wake juu ya goti, hana.